Mwisho wa Koti la Mteja

Bwenini
Jumapili, 6 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mjomba, shikamoo na wewe, maana najua wewe ndiye unayeisoma barua hii kwa sauti huku kiatu cha mtu kikikungoja bila soli. Na wateja mliokaa kwenye benchi, hamjambo.

Baba, uliniambia simu ni ya dharura na barua ni ya habari. Hii ni habari, kwa hiyo zima mashine ya kunyolea kwanza, usije ukamkata mtu sikio.

Wiki hii tumeanza somo la hadithi fupi. Mhadhiri wetu ni mama mmoja mrefu, mpole wa sauti na mkali wa kalamu. Ametugawia kitabu cha zamani ambacho jalada lake limeshikiliwa na gundi na dua. Nikafungua katikati, nikasoma sentensi ya kwanza: "Baiskeli ilikuwa moja na ndugu walikuwa wawili." Nikacheka darasani peke yangu, wenzangu wakageuka kunitazama. Baba, hiyo ni hadithi yako. Nikarudi nyuma kidogo, "Jiko la Jirani", yako. Nikaenda mbele, "Koti la Mteja", yako vilevile, neno kwa neno. Yumo yule fundi cherehani, limo lile koti ambalo mwenyewe hakuja kulichukua, na fundi analipiga pasi kila Jumamosi lisije likafuatwa likiwa na makunyanzi.

Miaka yote nimekaa kwenye lile benchi nikifanya hesabu za shule, nikiamini kwamba hadithi zile unazitunga hapohapo, mashine ikikoroma mkononi. Nimewaringia watu kwamba baba yangu ni mtunzi. Kumbe zilipigwa chapa hata mimi sijazaliwa. Na wewe, usinune nikisema, hujui kusoma. Mimi ndiye niliyekuwa nakusomea gazeti. Sasa nani alikusimulia?

Nacheka nikikumbuka ulivyokuwa unazipima kwa kichwa. Mwenye nywele nyingi alipata hadithi nzima na mazungumzo yake. Mwenye kipara aliambulia utangulizi. Yule mwalimu mkuu mstaafu, aliyebakiwa na nywele za masikioni tu, alikuwa analalamika kwamba katika maisha yake hajawahi kusikia hadithi yako ikafika katikati. Ila "Koti la Mteja" uliikatia mahali pamoja siku zote, kwa kila kichwa: mlango unasukumwa, fundi anainua macho, nawe unakung'uta taulo na kusema, "Nywele zimekwisha." Watu wanaguna, unaita anayefuata.

Mhadhiri ametaka tuandike kuhusu dhamira za hadithi tatu, na kazi hiyo ndiyo inayobeba karibu alama zote za somo. Nimechagua hizo tatu. Wenzangu wanahangaika kusoma na kusoma tena, mimi nitaandika nimefumba macho. Alama hiyo nimeshaitia mfukoni.

Huku ni kuzuri, ila hakunuki poda wala spiriti. Kuna saa za jioni nakukumbukeni mpaka najisikia vibaya.

Mwanao,
Chiriku


Dukani
Jumatano, 16 Februari

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa mara mbili, ya pili kwa sababu dereva wa lori aliingia akiwa amechelewa na benchi zima likadai aanziwe mwanzo. Mwalimu mkuu mstaafu anakusalimu na anasema umemdhalilisha. (Kweli amesema hivyo, lakini alikuwa anacheka. Mimi Mjomba ndiye ninayeandika. Mabano yote ni yangu.)

Kuhusu hadithi zangu kuonekana kitabuni, mimi nilisema lini kwamba nimezitunga? Ulisema wewe, mimi nikanyamaza. Mtu akikusifia huwezi kumfukuza. Na nani alinisimulia, hilo si jambo kubwa. Mtu ana masikio, husikia. (Hapa baba yako ametazama dirishani, kisha ameniambia niandike habari za mvua.)

Mvua imenyesha vizuri. Bati la nyuma linavuja palepale, tumeweka ndoo.

Hilo neno dhamira, Mjomba wako amejitahidi kunieleza mpaka akatoka jasho. Mimi naona hivi. Akikaa kwenye kiti mtu aliyegombana na nduguye, ile baiskeli inakuwa hadithi ya ugomvi. Akikaa bahili, inakuwa ya ubahili. Akikaa mtu ambaye nduguye amekufa, wala simmalizii, maana naona kwenye kioo tayari amefika mwisho kabla yangu. Mwambie mwalimu wako hivyo. Akikataa, basi, yeye ndiye aliyesoma. (Mimi nimemwambia asikushauri hivyo, utafelishwa.)

Kula vizuri. Hapa sote wazima.

Baba yako,
Kinyozi


Bwenini
Jumamosi, 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Ile alama niliyoitia mfukoni imetoboa mfuko.

Mhadhiri amerudisha kazi zetu. Kwenye "Baiskeli" nimefanya vizuri, na yale maneno yako ya ndugu aliyekufa niliyaandika kwa namna yangu, akayapigia mstari na kuandika "endelea kuwaza hivi". Kwenye "Jiko la Jirani" vilevile. Halafu tukafika kwenye "Koti la Mteja". Huko niliandika, nakunukulia ili ucheke: "Mwandishi kwa ujasiri mkubwa ameuacha mwisho wazi, mlango unasukumwa na hatujui ni nani, ili kila msomaji amkaribishe mgeni wake mwenyewe." Nikajaza kurasa mbili juu ya ujasiri huo. Pembeni yeye ameandika kwa wino mwekundu: "Sentensi nzuri sana. Sasa geuza ukurasa."

Nikageuza. Baba, hadithi inaendelea. Nilikuwa naijua sana hata nilipofika pale mlangoni nikafunga kitabu, kama ulivyonizoesha. Sikuona haja ya kutazama upande wa pili.

Aliniita ofisini kwake. Hakugomba, na bora angegomba. Aliniuliza nimenakili kwa nani, maana haiwezekani mtu akaichambua hadithi kwa undani hivyo na asiusome ukurasa wake wa mwisho. Nikamwambia nimenakili kwa baba yangu, kinyozi. Alinitazama, akavua miwani, akanipa mpaka mwisho wa mwezi niandike upya. Akaniambia tofauti ya funzo na dhamira: funzo ni kile ambacho hadithi inataka ufanye, dhamira ni kile kinachoikosesha hadithi yenyewe raha. Nisipoandika vizuri, nitalirudia somo zima mwakani.

Sasa mwisho ninao mimi, na wewe huna. Miaka yote umenikatia pale mlangoni, leo zamu yangu. Sikuambii aliyeingia ni nani mpaka uniambie aliyekusimulia ni nani. Haya, mwenye duka, tufanye biashara.

Mwanao,
Chiriku


Dukani
Ijumaa, 18 Machi

Chiriku,

Usiniandikie mwisho wa hadithi hiyo. Wala usimwandikie Mjomba wako.

Kazi ya chuo ifanye vizuri. Hapa ni wazima.

Baba yako


Kwangu
Jumapili, 20 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Natumaini hujambo. Hii ninaandika nikiwa nyumbani, si dukani, na baba yako hajui. Barua yake ya Ijumaa najua imekushtua. Alinitajia maneno hayo machache akaniambia nifunge bahasha, na sikuthubutu kuongeza mabano.

Huna kosa, mama. Hukuambiwa. Sisi sote tulifuata alivyotaka yeye, na ulipokua tukaona kama muda wa kusema umeshapita.

Aliyemsimulia ni mama yako. Unajua kwamba dada yangu alikuwa mwalimu, lakini hukuambiwa jioni zake alikuwa anazipeleka wapi. Akitoka shule alikuwa anapitia dukani wakati wa kufunga, anakaa kwenye kile kiti cha kuzungusha, anavua viatu, anaweka miguu kwenye kibao, na anamsomea baba yako wakati yeye anafagia nywele. Baba yako alikuwa anafagia polepole mno, kama mtu anayetafuta sindano, ili hadithi isikatike. Wewe ulikuwa unalala kwenye kapu la taulo. Mimi nikikaa mlangoni na kiatu changu nikijifanya sisikilizi. Baba yako hajui kusoma, lakini akisikia kitu kimeingia, hakitoki. Kesho yake asubuhi alikuwa anamsimulia mteja wa kwanza kama alivyosomewa, mpaka na mahali dada alipovuta pumzi.

Walikuwa wanafuata kitabu hicho kwa mpangilio, hadithi baada ya hadithi. Siku ile ilikuwa zamu ya "Koti la Mteja". Dada alisoma mpaka pale mlango unaposukumwa. Akafunga kitabu kidole chake kikiwa ndani, akasema kichwa kinamgonga, iliyobaki kesho. Kesho yake tulimpeleka hospitali kwa homa, na huko hakutoka.

Baada ya matanga, tarishi wa shule alikuja kuchukua vitu vya shule: boksi la chaki, daftari la mahudhurio, na kitabu. Baba yako alimkabidhi kila kitu bila neno. Baadaye nikamwambia nikitafute kitabu kile nimmalizie mimi. Akasema, "Shemeji, wewe una sauti ya msumari." Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaelewa.

Wateja wa zamani wote wanajua. Ndiyo maana wanaguna tu na hawaulizi. Mmoja mgeni aliwahi kuuliza, "Kwani aliyeingia ni nani?" Baba yako akamjibu, "Anajulikana." Anaamini ni mwenye koti.

Tangu barua yako ifike hajasimulia hadithi yoyote. Ananyoa kimya kimya, na duka halina raha. Sijui nikushauri nini. Fikiri wewe, ambaye unasomea mambo haya.

Mjomba wako,
Fundi Viatu


Bwenini
Jumamosi, 26 Machi

Baba,

Shikamoo. Mjomba ameniandikia. Usimgombeze. Mjomba, na wewe usiruke mstari huu, usome.

Sikujua, Baba. Ningejua nisingekuwekea biashara.

Nimeshaandika upya kazi ya mhadhiri na nimeikabidhi jana. Mwisho wa hadithi sikuandikii, kama ulivyoniambia. Nataka nikuambie jambo jingine.

Mimi sauti ya mama siikumbuki. Nimejaribu tangu nilipokuwa mdogo. Nakumbuka kitambaa chake chenye maua ya njano, tena sijui kama nakikumbuka au nimekiona kwenye picha. Sauti, hapana, haipo. Sasa juzi nimekaa kitandani na barua ya Mjomba nikakukumbuka wewe unavyosimulia. Ukifika mahali mwanamke anaposema, unashusha sauti na kuvuta maneno ya mwisho. Kabla ya jambo kubwa unanyamaza kidogo na kumeza mate. Hivyo huongei ukiwa unapatana bei au unamfukuza paka. Unaongea hivyo kwenye zile hadithi tu. Siku zote nilidhani ndivyo hadithi zinavyosimuliwa.

Ni yeye, Baba. Nimekaa kwenye lile benchi miaka yote, nikinyonya kalamu na kukosea hesabu, nikimsikia mama yangu kila siku na sikujua. Nimelia sana, lakini nakuambia kweli, si kwa huzuni tu.

Wenzangu wanapotaja dhamira wanasema mapenzi, usaliti, umaskini, kana kwamba wanasoma majina ya vituo vya basi. Mimi kila nikitafuta dhamira ya "Koti la Mteja" naona duka letu, na nilishindwa kuandika hivyo kwenye karatasi ya chuo. Niliandika yanayofaa kuandikwa.

Nitakuambia kimoja tu kuhusu ule ukurasa, na si mwisho wenyewe. Wewe huenda unadhani mama alikuachia safari ndefu. Hapana. Ilibaki mistari sita.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku


Dukani
Ijumaa, 1 Aprili

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Mjomba wako aliposoma "mistari sita" nilimwambia arudie. Akarudia. Nikafunga duka mchana kweupe, mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. (Nilimmalizia mimi. Usiulize alitokaje.)

Sita tu?

Mwanangu, mimi nilidhani hata nusu hatujafika. Nimemtembeza mwenye koti nchi nzima. Mara alikuwa jela kwa kusingiziwa, mara alikuwa mgonjwa kwa ndugu zake, mara alipotea njia na watu wakamwelekeza vibaya. Kila mwaka namtafutia sababu mpya ya kuchelewa, ili akifika pale mlangoni fundi asimlaumu. Nywele za watu zimeanguka miguuni mwangu mimi nikiwaza hayo.

Kumbe mama yako angebaki pale kitini kidogo tu. Nilikuwa nimeshafika kona ya mwisho na ufagio.

Hilo la sauti uliloandika, sikulijua. Sikujua kwamba ninafanya hivyo. Mjomba wako anasema ni kweli, anasema alijua siku zote, na ndiyo maana alikuwa anahamishia kigoda chake karibu na mlango. Nimemtukana.

Niandikie hiyo mistari. Iandike kama ilivyo, usiipambe na usinionee huruma.

Baba yako,
Kinyozi


Bwenini
Jumatano, 6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mjomba, tafadhali soma taratibu. Nimenakili kama ilivyo, nikianzia pale mlangoni; mistari sita ya kitabuni ni ile inayofuata fundi kuinua macho.

"Mlango ukasukumwa. Fundi akainua macho. Aliyeingia hakuwa yeye. Alikuwa mtu asiyemjua, amelowa mvua mabegani, akiuliza kama kuna nguo yoyote iliyo tayari. Fundi alilitazama lile koti kwa muda. Kisha akalitungua, akalikung'uta kola, akasema, 'Jaribu hili.'"

Ni hayo tu, Baba. Chini yake ni karatasi tupu.

Mhadhiri amenipitisha. Ameandika kwamba safari hii nimegeuza ukurasa, lakini kazi ya kwanza ilikuwa na moyo zaidi, na kwamba nikipata nafasi nimweleze habari za yule kinyozi. Bado sijamweleza. Nangoja kwanza kusikia kutoka kwako.

Mwanao,
Chiriku


Dukani
Jumapili, 17 Aprili

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Si na wewe. Nilikuwa na hasira na fundi. Koti la watu. Umelipiga pasi miaka yote hiyo, leo anatokea mtu, na kwa sababu tu amelowa, unampa. Na mwenyewe akija kesho? Nilimwambia Mjomba wako mwandishi huyo hajawahi kuwa na duka. (Tumebishana siku tatu. Benchi limegawanyika. Dereva wa lori yuko na fundi, mwalimu mkuu yuko na baba yako, na mimi nimeitwa msaliti.)

Jumanne alikaa kitini kijana mwenye nywele nyingi, anakwenda kuoa. Nikaanza "Koti la Mteja" bila kukusudia. Nilipofika mlangoni mkono ukataka kuchukua taulo kwa mazoea. Mjomba wako akaacha nyundo. Nikaendelea. Nikasema yote sita. Mwalimu mkuu akatoa leso. Yule kijana, ambaye hajui lolote, akasema, "Hadithi nzuri, mzee, ila fupi."

Baada ya pale hasira ilipungua. Fundi yule hakumsahau mwenye koti, mwanangu. Angemsahau asingelitazama kwa muda. Hilo neno "kwa muda" nimelisema mara nyingi peke yangu, na mama yako angelisoma vizuri sana.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na Mjomba wako analiandika kwa sababu hana budi. Nimemnung'unikia mama yako miaka yote kwamba aliniacha mlangoni. Sasa nimewaza. Angemalizia jioni ile, ningesema "haya", ningezima taa, twende nyumbani. Kisha ningekuwa na msiba na nisingekuwa na hadithi. Kwa kuwa hakumaliza, kila nilipoianza ilibidi nimkalishe tena pale kitini. Nimeishi naye hivyo, na wewe umekua hapohapo.

Mweleze mwalimu wako habari zangu, sina kipingamizi. Asije tu kunipa mtihani.

Likizo ukija, omba ruhusa uje na hicho kitabu. "Baiskeli" usinisomee, "Jiko" usinisomee, na "Koti" tumeshamaliza. Anza na ile inayofuata. Mama yako hakuifikia, kwa hiyo sijui inasemaje wala inasomwaje. Nitaisikia kwa sauti yako wewe.

Baba yako,
Kinyozi